Namba ya Shavu

4 Februari 1989

Mjomba, shikamoo.

Barua hii ikukute ukiwa mzima na mwenye kazi. Huku tupo, mimi na dada yako. Goti lake ni lile lile, na anasema ukija umletee jingine. Jikoni pale palipokuwa panavuja pamezibwa. Kiwandani tuko kwenye msimu wa sare za shule, kola mia mbili kwa siku, na cherehani zenyewe bado ni zile za kukanyaga kwa mguu. Jioni nikifika nyumbani sina hata hamu ya kuongea.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Novemba nina doa usoni. Lilianzia pembeni mwa pua, likapanda mashavu yote mawili. Haliwashi sana, ila jua likilipiga linachoma. Mwanzoni nilidhani ni sabuni. Mpiga pasi wetu akatangaza kiwanda kizima kwamba najichubua: "Mkorogo umemkataa huyo." Wiki mbili nzima wanawake wenzangu wakanifundisha krimu ipi ni salama. Mimi ambaye hata mafuta ya kujipaka naazima kwa mama.

Kisha vidole vikaanza kuvimba asubuhi, sindano ikawa inanitoka mkononi. Nikaenda hospitali. Wamepima damu mara tatu, na daktari akaandika jina kwenye kadi: lupus. Mama anasema ni kama jina la mbwa. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu inanishambulia mimi mwenyewe, mlinzi anampiga mwenye nyumba. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Hauponi moja kwa moja, ila unaweza kulala, na ukilala mtu anaishi.

Kijitabu walichonipa kinasema mgonjwa hupata wekundu mashavuni. Mjomba, kwa weusi huu, wekundu ningeutoa wapi? Nimepekua mfuko wa mabaki ya vitambaa, nikashika kimoja kimoja kando ya shavu mbele ya kioo, mchana kweupe, hadi nikapata kinachofanana. Ni damu ya mzee, kile cha sare ya wasichana wa bweni. Nimekukatia kipande. Wewe kazi yako ni rangi, maneno hayatakutosha.

Mpwa wako.


26 Februari 1989

Pini wangu, marahaba.

Mimi mzima, isipokuwa kifua kinachojaa vumbi la msasa. Mwambie dada yangu magoti huku nayo yamepanda bei. Wiki hii tumepaka basi zima kijani, na mwenye basi akaja akasema siyo kijani alichokitaka. Nimechanganya mara nne. Mtu anakuja na kipande cha bati kilichochunwa anasema, "Nataka hii hii," na mimi ndiye wa kuitafuta hiyo hii hii kwenye makopo.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Hilo jina nimeliuliza kwa watu wawili watatu hapa, hakuna anayelijua. Basi nikashika ninachokijua. Kitambaa chako nimekibandika ukutani juu ya kitanda changu, nyuma nimeandika tarehe. Hicho nimekiita namba tano. Shavu lako la siku zote, ambalo nalikumbuka vizuri kwa sababu nimelifinya miaka ishirini, ni namba moja. Kati ya hizo mbili nimechanganya rangi tatu. Kila mwezi nikatie kipande kipya. Usinipambie wala usinifiche. Namba ikishuka nitajua unapona.

Na hili nalisema mbele ya Mungu: ikipita tano, naacha kila kitu nakuja kukupeleka hospitali kubwa mimi mwenyewe. Unajua huku hakuna cha likizo. Ukitoka, kiti chako kinakaliwa kabla hakijapoa. Lakini nitakuja. Marehemu shemeji alituachia wewe mmoja tu.

Vaa kofia. Waambie hao wa krimu wanikome.

Mjomba wako.


2 Aprili 1989

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama amepata miwani, sasa anaona vumbi ambalo halikuwepo. Barua yako ilichukua wiki tatu njiani, na bahasha ilifika imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi. Aliyeisoma naye sasa anajua namba yangu.

Kofia ninayo. Nimeishona mwenyewe kwa mabaki, ina ukingo mpana kiasi kwamba mkata vitambaa ananiita Mwavuli. Dawa ni za aina mbili. Moja watu waliitumia zamani kwa malaria. Ya pili ni vidonge vidogo vinavyoniamsha njaa ya watu wawili. Namba nadhani ni tatu. Angalia mwenyewe, nimekikata kwenye bitana ya koti la zamani.

Kliniki ni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Ukifika alfajiri unatoka saa nane mchana. Wanapima presha, damu na mkojo. Nilimuuliza muuguzi mkojo unahusiana nini na shavu, akanijibu, "Wewe jaza kikopo." Nikajaza.

Shida ni msimamizi. Amesema Alhamisi nyingine moja nikikosekana, cherehani yangu atapewa mtu mwingine. Mimi sijui. Uso unapungua kweli, kila mtu anasema. Mama anasema nikuulize wewe.

Mpwa wako Mwavuli.


7 Mei 1989

Pini, marahaba, na shangwe juu yake.

Nimekiweka kitambaa chako kando ya rangi zangu, dirishani, saa nne asubuhi, saa ambayo mwanga hausemi uongo. Si tatu hiyo. Ni mbili na nusu. Nilikula vizuri siku hiyo. Hata mwenye lile basi nilimsamehe.

Kuhusu Alhamisi. Mama yako ameniuliza kama kaka na mimi najibu kama kaka. Dawa endelea kumeza kama ulivyoambiwa, usiruke hata siku moja. Lakini ukikosa kazi utabaki na ugonjwa mtupu, na ugonjwa mtupu haulishi mtu. Hizo Alhamisi zipumzishe kwanza. Kukaa masaa nane kwenye benchi ili ujaze kikopo, wakati uso unatakata tunaona wote, mimi sioni maana yake. Namba ikipanda hata kwa nusu, utarudi.

Huku tumepata kazi ya magari sita meupe ya kampuni moja. Nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote, fundi mjinga hudhani ni rahisi. Nitakuwa na shughuli hadi Julai.

Msalimie dada yangu na miwani yake.

Mjomba.


18 Juni 1989

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Mama anakusalimu.

Hiki kitambaa nimekikata kwenye mfuko wa sare ya kahawia, sare ya shule yangu ya zamani. Ukikiweka shavuni hukioni kinapoanzia wala kinapoishia. Ni namba moja. Mpiga pasi ameniomba radhi mbele ya watu. Wanasema nimenenepa nimependeza, na kweli uso umejaa, ni vile vidonge.

Alhamisi nimezipumzisha kama ulivyosema. Msimamizi ameridhika.

Nachoka tu. Siku hizi navaa viatu vya mama kazini, vyangu vimekuwa vidogo. Tukimaliza oda hii nitalala siku mbili.

Mpwa wako.


30 Julai 1989

Pini wangu.

Nilikuandikia Julai 2, hukujibu. Nikasema ni posta. Kisha nikahesabu, posta ya kwenda na kurudi imeshatosha. Dada yangu naye kimya. Kama mmenikasirikia niambieni kosa, nami nitalikana vizuri.

Mnyoosha bodi za magari mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja aliniuliza juzi ule ukuta wa vitambaa ni wa nini. Nikamweleza kwa majivuno, tano hadi moja, na tarehe nyuma. Akatazama sana. Akasema, "Sawa, uso umetulia. Na mwenyewe je?" Barua zako zote nimezirudia. Nilikuwa nauliza shavu, ukanijibu shavu. Viatu vya mama yako, Pini, ni vikubwa kwako tangu ukiwa na miaka kumi. Vipi leo vinakuenea?

Mimi napaka magari. Nimepaka mengi yaliyooza chini ili wenyewe wakayauze. Mtu kama mimi ndiye angejua kuuliza mapema, na sikuuliza. Sasa nauliza. Na mwenyewe je?

Jibu hata mstari mmoja.

Mjomba wako.


16 Agosti 1989

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimelala ubavu, usishangae mwandiko. Niko wodini tangu Julai 21. Kitanda ni cha tatu kutoka mlangoni. Jirani yangu ni mwalimu wa hesabu anayekoroma. Mama huja kila jioni, hukaa kwenye kigoda na kuniambia nimepata nafuu, halafu huenda kulilia kwenye korido akidhani simsikii.

Barua ya Julai 2 niliipata. Sikujibu kwa sababu ningejibu nini? Ungetaka kipande, na kipande kingekuwa namba moja, na mimi nilikuwa siwezi kuvuta soksi.

Miguu ilianza Mei. Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Nikasema ni cherehani. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni ya kufulia. Nikasema choo kimemwagiwa sabuni. Juni nikawa nahema nikipanda ngazi za kiwandani. Uso ulikuwa safi, Mjomba. Kila asubuhi nilikuwa nautazama kwenye kioo, nikiukuta safi naenda kazini. Sikukudanganya. Lakini ya miguu nilijua, na sikukuandikia. Nilichoka kuwa mgonjwa. Nilitaka ugonjwa uwe wa usoni, na uso upone, na yaishe. Na nilijua ukisikia utaacha kazi.

Ni figo. Daktari, mwanamke mfupi asiye na haraka, alinikalia kitandani akanieleza. Ngozi na figo haziambiani. Kuna mgonjwa wake ambaye uso umemharibika vibaya, makovu hadi kichwani, nywele hazioti tena, na ndani yuko sawa kabisa miaka tisa sasa. Kuna mwingine ambaye hajawahi kupata hata kipele, na figo zimekwisha. Nikamwambia nyumbani wanasema ugonjwa umehama usoni ukaingia ndani. Akasema haukuhama, ulikuwa kote kote, tuliacha tu kuutazama. Kile kikopo ndicho kilikuwa kinautazama.

Akauliza kwa nini sikuja miezi miwili. Nikasema kazi. Akauliza, "Kuna mtu alikushauri?" Nikasema nimesahau.

Sasa wanataka kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, wakakitazame, wajue ubaya umefika wapi na dawa ya nguvu gani wanipe. Dawa zenyewe ni kali na zinaweza kunizuia kuzaa. Bila hicho kipande watakuwa wanakisia. Kuna karatasi ya kutia saini. Mama hataki. Anasema hakuna atakayemchoma mtoto wake sindano ya mgongoni mpaka mjomba wake aseme. Daktari amesema wiki zina maana. Karatasi iko chini ya mto wangu.

Mimi naogopa. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Mpwa wako.


27 Agosti 1989

Mwanangu.

Leo sikuiti Pini.

Tia saini. Kama barua hii imefika, tia saini kabla hujaimaliza kuisoma. Mwambie mama yako nimesema, na akisita msomee hapa: dada, mimi ndiye niliyekosea mara ya kwanza uliponiuliza, usinisubiri mara ya pili.

Na kwa daktari, usiseme tena umesahau. Mwambie ni mimi. Mwambie mjomba wangu, mpaka rangi, aliandika kwa mkono wake nisije kliniki. Barua unayo, ya Mei 7. Mpe aisome. Sitaki unifichie aibu yangu wakati wewe ndiye unayeumwa.

Nikuambie lingine ambalo nisingeliandika kama si usiku huu. Kila kitambaa kilipokuja kimepauka nilifurahi kwa ajili yako, na nilifurahi pia kwa ajili yangu. Niliahidi kuja namba ikipita tano, na nilikuwa sitaki kuja. Siyo kazi tu. Naogopa hospitali. Baba yako alipokuwa wodini nilikuwa nafika hadi getini narudi, nawaambia ninyi nimemkuta amelala. Sikuingia hata mara moja. Ndiyo maana namba zilinipendeza. Zilinipa ruhusa ya kubaki huku.

Nimeomba siku thelathini, nimenyimwa. Nimeacha. Wananidai wiki tatu za notisi, kwa hiyo natoka tarehe 20 Septemba, nitafika ya 22. Nimemuuliza tabibu wa kituo cha afya cha hapa kuhusu figo na hizo dawa. Amesema mengi, nimeyaandika yote, ila nimeyaelewa nusu. Nusu nyingine utanielewesha.

Hata nikitetemeka getini, nitaingia.

Mjomba wako.


9 Septemba 1989

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Yule mwalimu ameruhusiwa kwenda nyumbani, na sasa nimekuta kwamba bila mkoromo wake silali. Barua yako imefika jana, siku kumi na mbili tu, posta wameona haya.

Saini niliitia mwenyewe, tarehe 18 Agosti, siku mbili baada ya kukuandikia. Ningekungoja ningekuwa nimekwisha. Mama nilimwambia umepiga simu kwa daktari, umekubali. Aliridhika papo hapo, hata hakuuliza ulisema nini. Kwa hiyo ukifika usije ukaniumbua.

Sindano iliuma kidogo, kulala chali masaa yote yale bila kugeuka ndiko kulikoniua. Majibu: figo zimeumia, hazijafa. Nimeanza dawa ya kudungwa mshipani, mara moja kwa mwezi kwa miezi sita. Nilitapika siku mbili. Juzi daktari alipima mkojo akasema povu limepungua, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo uso ukalipuka tena, pua, mashavu, hadi masikioni. Namba sita, kama ungekuwa nayo. Wageni wa wodini wananitazama kwa huruma, na mimi ndiyo kwanza naanza kupata nafuu. Nakuandikia haya ili usije ukaanguka mlangoni.

Kazi imekwenda. Msimamizi alimtuma mkata vitambaa na kofia yangu.

Daktari nimemwambia ni wewe. Barua ya Mei aliisoma mara mbili. Nilidhani atakutukana. Akasema tu, "Huyu anakupenda, na alikuwa hajui." Akaniambia ukija akuone, akueleze mwenyewe. Mimi nilimwambia, mapenzi yake na abaki nayo ukutani, kutojua kwenyewe ndiko kulikonilaza hapa.

Sasa hili la mwisho, halafu nilale. Ulichoandika kuhusu baba nimekisoma. Mama nimemficha. Ya Alhamisi nayo nimeyafikiria wiki hii nzima, nikajaribu kukusamehe, nimeshindwa. Si kwa ubaya, Mjomba. Nguvu ndizo sina. Kila nikianza nakumbuka zile ngazi za kiwandani, nachoka, naacha. Labda baadaye. Labda nitakapomaliza hizi dawa.

Usiningoje nikusamehe ndipo uje. Wodi ni ya pili ukiingia getini, mkono wa kulia. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi. Njoo hivyo hivyo.

Mpwa wako.